Udongo Uleule

Tangu tulipotoka Ifakara mshale wa temperecha ulikuwa umetulia katikati, na mzee aliyeshika usukani aliutupia jicho kila mara, jicho la mwenyeji asiyemwamini mgeni mpole kupita kiasi. Mto Kilombero tulikuwa tumeuvuka kwa pantoni, maana miaka hiyo daraja lilikuwa bado. Tukapita Lupiro, tukashika njia ya Malinyi. Ilikuwa Aprili, masika imekolea. Barabara ilikuwa imebaki jina tu. Tulichokuwa nacho ni mifereji miwili ya tope jeusi katikati ya mashamba ya mpunga, na kila baada ya mwendo mfupi mifereji hiyo ilikutana ikawa dimbwi moja.

Gari letu lilikuwa Land Cruiser ya zamani, injini ya dizeli ya lita 4.2, silinda sita kwa mstari, na bomba la hewa lililopandishwa mpaka usawa wa paa mithili ya mkonga wa tembo. Ukiliona limesimama unasema hili haliogopi kitu. Nyuma yangu, limefungwa kamba na kufunikwa kanga, lilikaa kasha la chanjo. Kwa sababu ya kasha hilo mzee aliniita daktari. Sikuwa daktari, lakini bonde lile kila anayeshika kasha la chanjo ni daktari mpaka atakapolirudisha.

Tulinasa saa tano asubuhi. Tandiboi alishuka na koleo, akachimba mbele ya magurudumu, akatandika matawi. Mzee akaweka gia nzito, akakanyaga mafuta. Magurudumu yakazunguka palepale, tope likaruka mpaka kwenye kioo, gari likayumba kama ng'ombe aliyeshikwa mkia, likarudi shimoni. Tukarudia. Tukarudia tena. Baada ya nusu saa nikasikia harufu tamu isiyofaa kuwa tamu, kisha mvuke ukapenya pembeni mwa boneti. Mshale uliolala katikati asubuhi nzima ukainuka kwa ghafla mpaka penye rangi nyekundu. Halafu, kabla sijasema neno, ukaanza kushuka. Ukashuka ukapita katikati, ukaenda kulala chini kabisa, penye baridi.

"Imepoa," nikasema, nikafurahi.

Mzee alizima injini. "Haijapoa, daktari. Maji yameisha. Huo mshale sasa unapima hewa."

Sentensi hiyo imekaa nami miaka mingi kuliko gari lenyewe. Maana yake ya kifundi ni nyepesi. Kipimo cha joto ni kijiti kidogo kilichochomekwa kwenye njia ya maji. Maji yakiwepo, kijiti hupata habari za injini sawasawa. Maji yakitoweka, kijiti hubaki kimening'inia kwenye mvuke na hewa, vitu visivyopitisha joto vizuri, na hapo chuma kinapokaribia kuharibika dashibodi huonyesha amani. Maana yake nyingine nitaifikia baadaye, kwa sababu siku ile sikuwa na nafasi ya kuifikiria. Nilikuwa na kasha.

*

Ilitubidi tungoje. Injini iliyokauka ikiwa ya moto vile haimwagiwi maji ya baridi. Chuma kilichotanuka kikishtuliwa hupasuka. Mfuniko wa rejeta nao haufunguliwi, maana chini yake kuna maji moto yanayosubiri uso wa mtu. Basi tukakaa. Na katika kukaa huko nikagundua kwamba ndani ya gari moja nilikuwa kati ya vitu viwili vyenye shida zilizopingana.

Nyuma yangu kulikuwa na chanjo zinazotakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8 za Selsiasi. Mbele yangu kulikuwa na chuma kilichopita nyuzi 100. Kasha kazi yake ni kulizuia joto lisiingie. Rejeta kazi yake ni kulisaidia joto litoke. Kwa haraka unaweza kusema vyote viwili vinatengeneza baridi, lakini hakuna hata kimoja kinachotengeneza baridi. Joto hutoka lenyewe penye moto kwenda penye baridi, halihitaji kuombwa, na halirudi nyuma kwa hiari yake. Mwanadamu anachoweza kufanya ni kulifungia njia au kulifungulia. Kasha limefunga. Rejeta imefungua. Siku ile kasha lilikuwa linafanya kazi yake barabara: makasha ya aina ile hujengwa kuhimili siku mbili au zaidi hata nje kukiwa na nyuzi 43, mradi mtu asilifunguefungue kwa wasiwasi. Tatizo letu lilikuwa mbele, kwenye njia iliyotakiwa kuwa wazi na sasa imeziba.

Mama mmoja alitoka kwenye nyumba iliyo juu ya kichuguu kikubwa kando ya shamba, akatuletea ndoo ya maji kwa ajili ya gari na kata ya maji kwa ajili yetu. Maji ya kata yalikuwa ya baridi hata meno yakashtuka. Nikauliza yametoka wapi. Kwenye mtungi, akasema, na mtungi ameununua kwa wafinyanzi wa huko huko bondeni.

Nilitazama mtungi ule kwa mbali, umekaa kivulini, ubavu wake umelowa kama mgongo wa mtu anayelima. Kisha nikatazama mbele ya gari. Mzee alikuwa ameshafungua boneti, na nyuma ya vyuma vya mbele palikuwa na ukuta wa udongo. Ulikuwa udongo wa bonde lilelile. Mahali pamoja ulikuwa unapoza maji, mahali pengine umeyachemsha.

*

Siri ya mtungi ni kwamba haujaziba. Udongo uliochomwa kwa moto mdogo hubaki na vitundu visivyoonekana kwa macho. Maji hupenya polepole mpaka nje, hukauka kwa hewa, na kila tone linalokauka huondoka na joto la maji yaliyobaki ndani. Mtungi uliopakwa rangi ya mafuta kwa nje hupendeza machoni, lakini maji yake huwa ya uvuguvugu. Umezibwa pumzi.

Rejeta nayo ni kifaa cha kupumua. Katika kila lita ya dizeli inayoungua, kwa hesabu ya jumla, theluthi moja hivi ya nguvu yake ndiyo inayofika kwenye kazi. Theluthi nyingine hutoka na moshi. Inayobaki, karibu theluthi nyingine, huingia kwenye maji, na maji hayana pa kuipeleka isipokuwa kwenye rejeta: vijibomba vyembamba vilivyopangwa kwa safu, na katikati yake vibati vilivyokunjwakunjwa, vilivyoachana kwa nafasi ya milimita mbili hivi. Hewa hupita kwenye nafasi hizo, hupokea joto, huenda zake. Maji ni hamali tu. Mpokeaji wa mwisho ni upepo.

Wenye magari ya kwanza waliijua shida hii kabla yetu. Gari la Carl Benz la mwaka 1886 halikuwa na rejeta kama hii. Maji yake yalichemka yakatoka kama mvuke, basi ilibidi kuongeza mengine. Mkewe, Bertha, alipolichukua Agosti 1888 akaenda nalo kutoka Mannheim mpaka Pforzheim, safari ya kilomita zaidi ya 100, alikuwa akisimama njiani mara kwa mara kutafuta maji. Nikimfikiria Bertha Benz simwoni kama mtu wa Ulaya ya mbali. Namwona na ndoo, kama tandiboi wetu. Mabadiliko makubwa yalikuja na Mercedes ya mwaka 1901, ambayo Wilhelm Maybach aliiwekea rejeta iliyofanana na sega la nyuki: vijibomba 8,070, kila kimoja kina mdomo wa mraba wa milimita 6, na feni nyuma yake. Gari likaanza kutumia maji kidogo yaleyale, yakizunguka. Kila kilichofuata ni kuongeza vijitundu na kuvifanya vidogo zaidi, maana vijitundu vikiwa vingi na vidogo, eneo la kugusana na hewa huongezeka.

Hesabu hiyo ni sahihi kwenye lami. Kwenye tope hugeuka. Gari linapokwenda kasi, upepo husukumwa na mwendo wenyewe mpaka ndani ya rejeta. Gari linapohangaika shimoni, injini inafanya kazi ya kupanda mlima huku mwendo ni sifuri. Upepo pekee ni wa feni. Na feni hiyohiyo inayovuta hewa inavuta na tope linalorushwa na magurudumu. Tope laini huingia kwenye nafasi za milimita mbili, injini hulikausha, na ndani ya dakika chache tayari umeuwekea mlango wako matofali. Kadiri vibati vinavyobanana, ndivyo matofali yanavyoshika. Ndiyo maana mitambo inayoshinda kwenye vumbi na makapi, kama matingatinga na mashine za kuvuna, aghalabu hupewa rejeta zenye vibati vilivyoachana: hupoza kidogo kwa kila sentimita, lakini huendelea kupoza.

*

Tulifika Malinyi usiku, tukisimama kila mara, na chanjo zilikuwa salama. Injini haikuwa salama. Iliporudishwa Morogoro, gasketi ilikuwa imeungua na silinda hedi imepinda, ikapelekwa kuchongwa. Hapo ndipo ulipoanza mjadala wa gereji, ambao mimi niliukalia kama mtu aliyealikwa kwenye kikao cha ukoo usio wake.

Fundi mkuu alikuwa na dawa tatu. Ya kwanza, kutoa themostati. Ni dawa ya siku nyingi katika nchi zetu. Themostati ni kijilango chenye nta ndani yake. Nta ikipata joto la nyuzi 80 hivi huyeyuka, hutanuka na kusukuma mlango, maji yakaenda kwenye rejeta. Hoja ya fundi ilikuwa kwamba nchi za joto hazihitaji mlango: mlango wa nini nyumba ikiwa inaungua? Mzee alimjibu kwa utaratibu. Themostati ya injini ile, alisema, ina kazi mbili. Inapofungua njia ya rejeta, upande wake wa pili unaziba njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, umefungua njia zote mbili, na sehemu ya maji moto itachagua ile fupi. Itazunguka ndani, haitaonana na upepo hata siku moja. Kumbe mlango ule ndio uliokuwa ukiwaonyesha wasafiri njia ya kutokea.

Dawa ya pili ilikuwa rejeta nene ya safu nne, iliyobanana. Ya tatu, feni mbili za umeme. Kijana mmoja wa gereji aliongeza ya nne kwa kutuonyesha picha kwenye simu: magari ya mashindano ya msituni Malaysia, yale yanayoitwa Rainforest Challenge, ambayo baadhi yake rejeta imehamishwa kutoka mbele ikapandishwa nyuma ya kibanda cha dereva, mbali na tope. Nilivutiwa. Wazo ni la busara: kama mbele ndiko kunakorushwa uchafu, kwa nini pumzi iwe mbele? Lakini mipira ya maji inakuwa mirefu, hewa inanasa ndani yake na ni kazi kuitoa, na feni za umeme zinakuwa ndizo tegemeo pekee. Mzee alizitazama picha mpaka mwisho, akarudisha simu kwa heshima. "Hawa mashindano yakiisha wanarudi kwao," alisema. "Sisi humu ndimo tunamoishi."

Yaliyofanyika mwishowe yalikuwa madogo madogo, hata nikaona haya kuyaita maboresho. Mfuniko wa rejeta ulibadilishwa. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote, na hakuna anayekifikiria. Ndani yake mna springi inayoyaweka maji chini ya shinikizo, na kwa shinikizo hilo maji hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 120. Mpira wake ukichoka, maji huchemka kwenye nyuzi 100 kama ya chai, na milimani kabla ya hapo, maana kila ukipanda mita 300 hivi kiwango cha kuchemka hushuka kwa uzi mmoja.

Rejeta iliwekwa ya shaba, ya ukubwa uleule, yenye vibati vilivyoachana. Zile mpya za alumini zenye matanki ya plastiki ni nyepesi na hupoza vizuri, lakini tanki la plastiki likipasuka Malinyi, limepasuka. Shaba hupata fundi wa kulehemu hata chini ya mwembe. Ndani yake yakatiwa maji safi yaliyochanganywa nusu kwa nusu na dawa ya rejeta, kukomesha desturi yetu ya kuiongezea maji ya mto. Maji safi matupu hubeba joto vizuri zaidi kuliko mchanganyiko huo, lakini hula chuma. Na maji ya mto huacha chokaa na tope kwenye vijibomba, mpaka rejeta ikaziba ndani huku tunahangaika kuiosha nje.

Kisha likatafutwa kava la feni, ule mduara unaoizunguka feni ili hewa yote inayovutwa itoke mbele, kupitia rejeta, isizunguke palepale. Mafundi fulani, miaka iliyopita, walilifungua ili mkono upite, wakasahau kulirudisha. Lilipatikana nyuma ya stoo. Kuku alikuwa amelitagia. Feni yenyewe haikubadilishwa. Ilikuwa ya aina inayoshikana na injini kwa mafuta mazito ya silikoni, ambayo joto likizidi huifanya izunguke kwa nguvu. Mzee aliizungusha kwa kidole injini ikiwa imezimwa ingali moto. Ikazunguka raundi nyingi, nyepesi kama pia. Mafuta yalikuwa yamevuja. Yakaongezwa, ikawa nzito inavyotakiwa. Feni za umeme mzee alizikataa, ingawa alikiri uzuri wake mmoja: kwenye maji ya kina unaweza kuzizima. Feni yake haizimiki, na ikiingia majini hugeuka pangaboi la mashua, mapanga yake yakajivuta mbele mpaka yakaikata rejeta. Kwa hilo alinunua kipande cha turubai cha kufunga mbele ya gari kabla ya kuingia mtoni, na akaapa kukiondoa ng'ambo kabla ya kusema lolote lingine.

Jambo la mwisho ndilo lililonigusa. Mbele ya rejeta, imebanana nayo, kulikuwa na kondensa ya kiyoyozi. Kiyoyozi kilikuwa kimekufa miaka minane. Hakuna aliyekumbuka mara ya mwisho kilipopuliza. Lakini mwili wake ulibaki palepale, mstari wa mbele, umejaa tope lililokauka la masika kadhaa, ukiikinga rejeta isione upepo. Miaka yote hiyo tulikuwa tukisema injini imezeeka. Kilipofunguliwa, kijana alikibeba kwa mikono miwili, akashangaa uzito wake. Sehemu kubwa ilikuwa udongo.

Ukijumlisha yote, tulichonunua kilikuwa kidogo. Tulichofanya zaidi ni kuondoa, kurudisha na kuachanisha. Tulikwenda gereji kutafuta nguvu ya kupambana na joto, tukatoka na nafasi.

*

Wahenga walisema maji moto hayachomi nyumba. Aliyesema hivyo hakuwahi kulipia silinda hedi. Hata hivyo simlaumu, kwa sababu lugha yetu nzima imejengwa na watu wanaoishi na joto, na ikaamua mapema kwamba wema uko upande wa baridi. Mtu muungwana ana moyo baridi. Mwenye hasira anaambiwa anywe maji apoe. Vijana wakikutana, mmoja huuliza mambo, mwingine hujibu poa. Neno hilo tumelisema mara nyingi mno hata limekuwa kama mshale wa gari: limelala katikati siku nzima.

Nilijifunza gereji kwamba mshale wa magari mengi haukuundwa kusema kila kitu. Watengenezaji huufanya ukae katikati kwa makusudi, joto likipanda na kushuka kwa nyuzi nyingi, ili dereva asihangaike bure. Ukianza kuinuka, mambo yameshaharibika. Basi mzee alidai kipimo cha pembeni, chenye namba, na king'ora kidogo kinacholia maji yakipungua. "Nataka kiniambie themanini na nane, themanini na tisa," alisema. "Hicho kingine kinanisalimia tu."

Nimewajua watu, na kuna mwaka nilikuwa mmoja wao, waliokuwa wakijibu poa kwa sauti ileile kabla ya kuchemka, wakati wa kuchemka, na baada ya maji kuisha. Baada ya maji kuisha ndipo huwa watulivu zaidi. Hawagombi, hawalalamiki, hawaombi likizo. Aliye karibu nao hufurahi, kama nilivyofurahi mimi njia ya Malinyi, akasema mwenzetu siku hizi ametulia. Kumbe hakuna kilichobaki ndani cha kuchukua habari na kuzileta nje. Lugha yetu ina neno la pili, pole, ambalo sikio langu hulisikia kama ndugu wa poa. Poa hujibu salamu. Pole humwendea mtu kabla hajajibu. Ni tofauti ya mshale na namba: mmoja unangoja mpaka hatari ifike, nyingine inakuhesabia njiani.

Sisemi binadamu ni injini. Injini haina aibu. Ikikauka, inagota ikasimama, na kila mtu barabarani anajua. Nasema tu kwamba tunaposifu gari la matope tunasifu mkonga, winchi, magurudumu na sauti. Mbio za Safari za Afrika Mashariki, zilizoanza mwaka 1953, kwa miaka mingi ziliendeshwa wakati wa Pasaka, mvua ikiwa juu ya mvua. Mwaka 1963 yalifika mwisho magari saba tu, na mwaka 1968 yakafika saba tena. Tunakumbuka washindi. Sijawahi kusikia mtu akisimulia rejeta za magari yale saba, ingawa kila moja lilifika likiwa na rejeta iliyopata pa kutolea joto, kwa namna moja au nyingine, katikati ya tope lile.

*

Masika iliyofuata tulirudi njia ileile, gari lilelile, kasha lilelile. Tope lilikuwa halijasikia habari za gereji. Tulinasa karibu na pale pale, chini ya kichuguu cha yule mama.

Tofauti ilikuwa ndogo, na kama hukuwa ndani ya gari usingeiona. Mzee hakukanyaga mafuta kwa hasira. Kipimo kilisema 91, kikasema 94. Alifungua bomba la joto la ndani ya gari, lile ambalo nchi za baridi hulitumia kuotea moto, kwa sababu nalo ni rejeta ndogo; hewa ya tanuri ikatupiga miguuni, tukateremsha vioo, nikahamisha kasha mbali na upepo ule. Kipimo kikasema 95. Kilipofika 98 aliondoa mguu, akaiacha injini iungurume polepole ili maji yazunguke, kisha akazima, akashuka kama mtu aliyefika kwake. Hapakuwa na mvuke. Hapakuwa na harufu tamu.

Tulisubiri, halafu tukaiosha rejeta kwa namna aliyotufundisha: maji yanatoka upande wa injini kwenda mbele, kurudisha uchafu ulikotoka, maana ukimwagia kwa mbele unaushindilia. Maji ya taratibu, bila presha, kwa sababu vibati vile hupinda kwa kidole. Kwanza unalowesha, unangoja, kisha unasugua kwa brashi laini. Tandiboi alimimina kutoka kwenye dumu, mzee akasugua, na udongo ukaanza kuanguka vipande vipande, kila kipande kimebeba mistari ya vibati, imenyooka kama nywele zilizochanwa.

Mtoto wa yule mama, wa miaka sita hivi, alikuwa amechuchumaa pembeni. Aliokota kipande kimoja, akakigeuza, akakipanga juu ya kingine.

"Babu," aliuliza, "gari lenu linafyatua matofali?"

Mzee hakucheka. Aliliwazia swali lile kama alivyowazia swali la themostati.

"Linafyatua, mjukuu wangu," alisema. "Mwaka jana lilikuwa linayachoma kabisa."